Rivolva inakwama nikiwa renji na silinda ikagoma kufunguka, nimpelekee fundi wa Kariobangi?

Swali limetoka kwa jamaa mwenye hardware huku Eastlands. Nimelifupisha kidogo lakini maneno ni yake (renji ni uwanja wa kupigia shabaha, silinda ni kile kipande kinachozunguka chenye risasi):

"Mzee, shikamoo. Niko na rivolva ya Kimarekani ya zamani, .38 Special, ya risasi sita, mtutu wa inchi 4, leseni iko sawa na nimekuwa nayo miaka sita. Shida ni hii, nikienda renji risasi kumi na mbili za kwanza zinaenda tu poa, halafu triga inaanza kuwa nzito, nikifika ishirini hivi silinda inajikokota kama mkokoteni unapanda mlima. Jumamosi iliyopita ikagoma kabisa, haizunguki na pia haifunguki, na ndani kulikuwa na risasi mbili bado hazijapigwa. Msimamizi wa renji akaichukua, akahangaika nayo kama dakika kumi, akazungusha zungusha kitu hapo mbele chini ya mtutu, ikafunguka. Hakunieleza alifanya nini. Nikifika nyumbani ikiwa imepoa inafanya kazi kama hakuna kitu. Rafiki yangu anasema kuna fundi Kariobangi anaweza kupiga tupa hapo inapogusana na akate springi ya triga iwe laini, elfu mbili tu. Nimpelekee?"

Marahaba ndugu yangu. Jibu la kwanza ni hapana. Hapana kwa tupa, hapana kwa springi, na hapana kwa huyo jamaa wa Kariobangi hata kama ndiye anatengeneza majenereta ya mtaa mzima. Sheria ya silaha hapa kwetu, Sura ya 114, haimruhusu mtu yeyote tu mwenye vaisi na tupa kufungua kibanda cha kurekebisha bunduki, ni mpaka awe dila, yaani mfanyabiashara wa silaha, aliyesajiliwa, na ukimwachia mguu wa kuku wako hapo kibandani jioni urudi kesho, huyo usiku amelala na silaha hana cheti, na wewe ndiye ulimpatia. Askari wakipita hapo mtaenda wote wawili, na leseni yako ndio itakuwa ya kwanza kwenda. Hiyo ni upande wa sheria na sitaki kukaa hapo sana.

Upande wa chuma ndio mimi najua. Chuma ukishapiga tupa hakirudi. Kuna mtu aliwahi kuniletea rivolva iliyopigwa tupa kwa zile meno za nyota, ile nyota iko nyuma ya silinda inayosukuma maganda nje, na zile meno zake ndizo zinashikwa na kidole cha ndani kuzungusha silinda. Fundi alikuwa amesikia inakwaruza akaona dawa ni kulainisha. Sasa meno sita, kila moja na urefu wake, chemba tatu, yaani yale matundu ya silinda yanayokaa risasi, zinafika mahali pake vizuri na zile zingine tatu nyundo inaanguka silinda haijafika. Ukipiga hivyo kichwa cha risasi kinaingia mtutu kimekwaruza ukuta, kinanyolewa, na vipande vya risasi vinaruka kwa upande, vinaweza kumpata mtu aliyesimama mkono wako wa kulia na hajui kimetoka wapi. Nyota mpya ililazimika kuagizwa ng'ambo na ikija haiingii tu hivi kama balbu, inatoshelezwa jino kwa jino. Ile bunduki ilikaa kwangu mpaka mwenyewe akaacha kupiga simu.

Sasa tuje kwa yako. Ukisoma swali lako vizuri utaona umeshajijibu nusu, ni vile hukujua. Umesema ikiwa baridi inaenda poa. Umesema inazidi kuwa nzito polepole, haikushikwa ghafla. Umesema ilikataa kufunguka, si kuzunguka pekee. Na umesema msimamizi alizungusha kitu hapo mbele chini ya mtutu ikakubali. Hizo nne zikiwekwa pamoja zinanionyesha kwanza mahali pawili, uchafu chini ya nyota na rodi ya kutoa maganda, ile fimbo iliyo chini ya mtutu, imelegea tredi. Inaweza kuwa moja, inaweza kuwa zote mbili siku moja, na mimi kwa hali ya yako naona ni zote mbili. Triga kuwa nzito sio ugonjwa, hiyo ni homa tu, springi haina makosa yoyote, inapambana na kitu kingine.

Lakini kabla hujagusa kitu. Fungua silinda, toa risasi zote, hesabu, uziweke chumba kingine na ufunge mlango, halafu rudi uangalie tena kila chemba kwa macho na kwa kidole. Najua umeifanya hii mara mia na ndio sababu nakwambia, mtu anayeumia na bunduki akiisafisha huwa ni yule mzoefu, mgeni huwa anaogopa. Na kama siku moja itakataa tena kufunguka na ina risasi ndani, usiirudishe nyumbani na usiibandue na bisibisi, ielekeze kule shabaha ziko, kidole nje ya triga, inua mkono uite msimamizi. Hasa usianze kuzungusha ile rodi wewe mwenyewe ikiwa na risasi, kwa sababu iko chini tu ya mtutu na vidole vyako vinakuwa pale pale risasi inatokea. Huyo msimamizi wako natumai alijua hivyo, maanake umeniambia ilikuwa na mbili hai.

Tuanze na uchafu. Baruti ya risasi haichomeki yote, kuna chembe ndogo ndogo zinabaki, zingine bapa zingine kama punje za chumvi. Ukifungua silinda na kusukuma rodi, ile nyota inainuka kutoka kwa kitako chake na chembe zinaanguka hapo chini. Ukiachilia nyota inarudi, lakini sasa imekalia chembe. Moja inatosha. Nyota ikiwa imeinuka hata unene wa unywele, risasi mpya zinakaa nyuma kidogo kuliko inavyotakiwa, makalio yao yanagusa ule ukuta wa chuma ulio nyuma ya silinda, na hapo ndio unasikia mkokoteni. Ukijaza tena na tena, chembe zinaongezeka, ndio maana kumi na mbili za kwanza hazina shida na ishirini ndio kilio.

Dawa yake ni mswaki mkuukuu. Serious, mswaki wa meno, ule umetupa. Fungua silinda ikiwa tupu, sukuma rodi uishikilie, nyota ikiwa imeinuka pitisha mswaki chini yake pande zote sita na pia kwa kile kitako inakokalia, washa tochi ya simu uangalie kama kuna doa jeusi limeng'ang'ania, likigoma tumia kijiti cha meno cha mbao, usitumie msumari. Usiweke mafuta hapo chini, mafuta yanashika chembe kama unga kwa mkono uliolowa, acha pakavu. Halafu badilisha vile unatoa maganda. Watu wengi hapa renji wanashikilia bunduki ikiwa imelala na kusukuma rodi polepole kwa dole gumba, maganda yanatoka kwa aibu na uchafu wote unabaki kwa nyota. Inua mtutu uangalie juu wima, piga rodi mara moja kwa kiganja, kwa nguvu, maganda na chembe vianguke pamoja chini. Ukifanya hivyo tu kuna uwezekano nusu ya shida yako imeisha.

Sasa rodi. Hukuniambia bunduki yako ni ya kampuni gani na ningependa kujua, lakini unaweza kujua mwenyewe bila kusoma maandishi. Ikiwa tupu, ikoki polepole, yaani vuta nyundo nyuma, na uangalie silinda inaenda upande gani ukiwa nyuma yake kama unalenga. Ikienda kushoto, yaani kinyume cha saa, hiyo ni tabia ya Smith & Wesson. Ikienda kulia, kama saa, ni tabia ya Colt za zamani. Halafu angalia ncha ya mbele ya ile rodi chini ya mtutu silinda ikiwa imefungwa. Kwa Smith & Wesson ya kawaida ncha imeshikwa na kapini kadogo kenye springi ndani ya kile kijinundu cha chuma kilicho chini ya mtutu, kwa hivyo silinda imefungwa nyuma na mbele. Kwa Colt za zamani ncha inaning'inia tu hewani, imefungwa nyuma peke yake. Msimamizi wako alizungusha kitu mbele ikafunguka, kwa hivyo mimi nabeti yako ni ya aina ya kwanza.

Rodi hiyo ni vipande vinavyoshikana kwa tredi. Bunduki ikipiga inatikisika, silinda inazunguka upande mmoja kila siku, na tredi ikiwa ya mkono wa kulia ule mzunguko unazidi kuilegeza badala ya kuikaza, kama nati ya gurudumu ikiwa imewekwa upande mbaya. Smith & Wesson wenyewe waliona hiyo shida na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakabadilisha zikawa za mkono wa kushoto. Bunduki ya zamani ya kabla ya hapo ndio inasumbua sana, ingawa hata mpya ikiachwa miaka bila kukazwa inaweza. Rodi ikilegea inakuwa ndefu. Sio ndefu ya kuonekana ukiwa umesimama mbali, ni milimita moja au chini ya hapo, lakini inatosha kufanya ule pini wa mbele usisukumwe wote kutoka kwa ncha ya rodi, kwa hivyo ukibonyeza kitufe cha kufungua silinda, nyuma inaachilia na mbele bado imeshika. Na kwa vile rodi sasa inabana huku na huku, silinda pia inakuwa nzito kuzunguka. Hayo mawili yakitokea siku moja ndio yale ulinieleza.

Kuangalia ni rahisi. Ikiwa tupu na silinda wazi, shika rodi kwa vidole viwili, vidole tu bila plaisi, na ujaribu kuizungusha huku umeshikilia silinda isizunguke. Ikikaa kimya kama imechomelewa, rodi haina kosa. Ikisonga, umempata. Upande wa kukaza ni ule unaoifanya iingie iwe fupi, usiende na mazoea ya bomba la nyumbani kwa sababu inaweza kuwa ya kushoto. Kaza kwa vidole mpaka ishike halafu uipeleke kwa fundi amalizie, na hapa kuna siri moja ambayo fundi mzembe huruka. Kabla ya kukaza kwa nguvu lazima chemba zijazwe maganda matupu, yale yaliyopigwa tayari. Nyota imeshikiliwa na vipini vidogo sana ndani ya silinda, na ukikaza rodi ukiwa huna maganda, nguvu yote inaenda kwa hivyo vipini, vinapinda au nyota inapotoka, na sasa una shida mpya ya bei. Maganda yakiwepo yanaishikilia nyota mahali pake. Rodi nayo inashikwa kwa ngozi au kwa kishikio chake maalum, kwa sababu ukiibana na plaisi tupu utaipinda, na rodi iliyopinda utaijua, silinda inakuwa nzito upande mmoja na laini upande wa pili, ukiizungusha ikiwa wazi ncha inacheza kama gurudumu la baiskeli lililogonga shimo.

Ukimaliza hayo mawili na bado inakokota, sasa tafuta fila geji, yale majani membamba ya chuma ya kupimia nafasi. Wewe una hardware, na kama huna hapo dukani tembea mpaka Grogan, ndio hiyo hiyo ya kuset tapeti. Bunduki tupu, silinda imefungwa, ingiza jani jembamba kati ya uso wa silinda na mkia wa mtutu. Nafasi nzuri iko kati ya 0.10 na 0.25 mm, na 0.15 ndiyo mimi napenda. Halafu fanya hivi, sukuma silinda mbele kwa kidole upime, isukume nyuma upime tena. Tofauti ya hayo mawili ndiyo mchezo wa silinda wa mbele na nyuma, na ukizidi 0.05 hivi fundi anafaa aangalie. Kama mbele jani la 0.05 haliingii hata, basi bunduki ikishapata moto na risasi ikianza kuacha madoa ya madini yake hapo mbele, uso wa silinda unasugua mtutu. Hii pia inafanana na hadithi yako, inakuja na joto inaondoka na baridi, kwa hivyo usiiondoe kwa akili mpaka upime. Ukiangalia uso wa silinda na unaona kuna pete moja imeng'aa kuliko penginepo, hapo ndio panagusa.

Na mara nyingi hata hiyo nafasi haijakosea, ni madini ya kichwa cha risasi (lead) yamejijenga. Zile risasi za kichwa cha madini matupu bila shati la shaba, zile za .38 za gramu 10 na kidogo ambazo ndizo za bei nafuu, zinaacha tabaka la kijivu kwenye mdomo wa mtutu na uso wa silinda. Brashi ya shaba na dawa ya kusafishia, uvumilivu, jioni mbili. Usilete ile stilwulu ya kusugua sufuria, itang'arisha uchafu na itaondoa ile rangi nyeusi inayokinga chuma, na msimu wa mvua Nairobi ukifika utaona kutu ikichanua kama kitu kilichopandwa.

Kitu kingine ningependa ujaribu kabla ya kwenda kwa mtu yeyote. Weka alama ya maka pen kwa chemba moja upande wa nje, ikoki polepole mara kumi na mbili ikiwa tupu na usikilize. Kama uzito unakuja kila chemba sawasawa, uko kwa rodi, uchafu au nafasi ya mbele. Kama uzito unarudi kila mara chemba ile ile ikifika, basi hiyo ni chemba au jino la nyota au silinda ina sehemu imeinuka. Na kama ikiwa tupu ni laini kabisa na ikiwa imejazwa ndio nzito, acha kulaumu bunduki, angalia risasi. Praima, kile kiduara cha katikati kwenye makalio, kikiwa kimetokeza badala ya kuzama kidogo, kinakwaruza ukuta wa nyuma. Ni rahisi kujua, simamisha risasi zako sita kwa kioo cha meza, ile inayoyumba itoe pembeni. Kwa risasi za kiwandani hii ni nadra, lakini zile pakiti ziligongwa gongwa kwa droo miaka kumi, sijui.

Kuna pia kichwa cha risasi kutembea mbele. Hii ni ya rivolva nyepesi zaidi, yako ya chuma ya inchi 4 sidhani, lakini wasomaji wengine wako na zile ndogo za mfukoni. Ukipiga, bunduki inaruka nyuma kwa kasi na zile risasi bado ziko ndani zinabaki zikivutwa, kichwa kinateleza nje ya ganda kidogo kidogo mpaka kinachungulia mbele ya silinda na kugonga mtutu, silinda inashikwa. Hiyo inakuja risasi ya nne au ya tano, sio ya ishirini, kwa hivyo unaweza kuitofautisha.

Ile moja ambayo sitaki uchezee kabisa ni risasi iliyopiga pfu. Badala ya mlio wa kawaida unasikia kama chupa imefunguliwa, mkono hausikii teke. Kuna uwezekano kichwa kimekwama ndani ya mtutu, au kimekwama nusu kwa silinda na nusu kwa mtutu na ndio silinda haizunguki. Mtu akilazimisha triga hapo na ikubali, risasi ya pili inakuta ya kwanza njiani na mtutu unavimba au unapasuka. Kwa hivyo silinda ikishikwa ghafla, kumbuka kwanza mlio wa mwisho ulikuwaje. Na ukipiga ikagoma bila mlio wowote, shikilia ikielekea shabaha nusu dakika mpaka dakika nzima kabla ya kufungua, kuna praima huchelewa.

Springi sasa, kwa sababu najua bado unaifikiria. Kwa hizi rivolva za springi bapa kuna skrubu ndogo mbele ya kishikio, chini karibu na mwisho, inasukuma springi. Inatakiwa iwe imekazwa mpaka mwisho, haina katikati. Kuna watu wanailegeza ili triga iwe laini, na kweli inakuwa laini, halafu siku ya siku nyundo inagonga praima kama inabisha hodi kwa mkwe, tik, hakuna kitu. Wewe uliinunua hii bunduki kwa sababu ya hardware na usiku wa kufunga duka, si kwa sababu ya medali. Kukata springi ni hiyo hiyo isipokuwa haiwezi kukazwa tena. Angalia hiyo skrubu ukiwa hapo, ikiwa imelegea kaza na bisibisi inayojaa mdomo wake vizuri, ile ya kubahatisha inaharibu kichwa cha skrubu.

Kile kifuniko cha pembeni usikifungue. Najua kuna video. Kimeingia kwa kubanana na ukikibandua na bisibisi kona zinapinda na hakitakaa tena sawa, sisi tunakitoa kwa kugonga fremu na mpini wa mbao mpaka kijiinue chenyewe, na ndani kuna springi moja ndogo inayopenda kuruka chini ya kabati. Nikifungua bunduki za watu hapa kitu naona mara nyingi ndani ni mafuta yaliyooza, mtu amepuliza ile spirei ya kulegeza nati zenye kutu kila mwezi kwa miaka, imekauka ikawa kama gundi ya mti, na vumbi letu la Eastlands limejaa humo ndani. Mafuta ya cherehani yanatosha, tone moja kwenye mhimili wa mkono wa silinda, tone kwa rodi, upanguse mpaka uone kama hakuna. Mafuta ya kupikia hapana, nishaona, ilinuka chapati.

Na mkono wa silinda, ile sehemu inayobembea ikifunguka, usiifunge kwa kuitupa kama waigizaji wa sinema. Paa! inasikika vizuri lakini kila paa inapinda ule mkono kidogo na mwishowe silinda haikai katikati tena na inasugua upande mmoja. Ifunge kwa mkono wa pili, kama mlango wa nyumba yenye mtoto amelala.

Kwa wale wengine wenye za babu, zile Webley za Kiingereza zinazokunjika katikati, msinunue .38 Special mkiona tu imeandikwa .38. Hizo Webley za .38 zinakula .38 S&W, ganda lake ni fupi na nene kuliko la Special, hazibadilishani. Nimeulizwa hiyo mara tatu mwaka huu. Na kwa mwenye rivolva ya .357 anayefanya mazoezi na .38 Special kwa sababu ya bei, hilo linaruhusiwa, lakini ganda la .38 ni fupi kwa milimita 3 na kitu, linaacha pete ya masizi ndani ya chemba, ukija kuweka ndefu inakataa kuingia yote na silinda haifungi. Brashi tu.

Kwa hivyo ndugu yangu, Jumamosi hii usiende renji. Safisha chini ya nyota, angalia rodi kwa vidole, pima na fila, andika namba zote tatu (silinda ikiwa mbele, ikiwa nyuma, na tofauti) kwa karatasi na kama uzito ni wa chemba moja au zote. Halafu chukua bunduki ikiwa tupu pamoja na cheti chako uende kwa dila aliyesajiliwa mwenye fundi wake, sio duka la kuuza tu, uombe risiti ya kuiacha yenye namba ya bunduki, hiyo karatasi usitoke bila. Mwambie aanze na rodi kabla hajagusa kifuniko cha pembeni. Na ubebe maganda matupu sita ya .38 Special mfukoni, umwekee juu ya meza. Kama atakuuliza ni ya nini, chukua bunduki yako utafute mwingine.